Mbwa Mwitu Aliyebaki Pangoni

Jumapili ile Honoré alikuwa na siri moja, nayo ilimbana kuliko tai aliyovaa. Kesho yake alfajiri Ezekieli, Mtanzania aliyeendesha lori la makontena kutoka bandari ya Durban hadi Johannesburg, angempitia chini ya jengo lao pale mtaa wa Overport, Durban, naye angepanda na kwenda zake. Mkewe Laurette hakuambiwa. Watoto hawakuambiwa: Prodige wa miaka saba, na Cédric aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Huko Johannesburg angefanya nini, hakujua. Alichojua ni kwamba mwanamume asiyeleta kitu nyumbani ni mdomo tu, na mdomo mmoja ukipungua, sufuria inawatosha waliobaki.

Tusimcheke. Mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na nane alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye ghala moja bandarini, mtu wa kubeba mawili kwa mpigo huku akiimba. Siku moja rundo la mchele likaporomoka, mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya. Madaktari walifanya walichoweza na mfupa ukaunga, ila uliunga kwa mapenzi yake wenyewe, ukapinda. Kazi ya kibarua haimsubiri mgonjwa. Tangu hapo ni Laurette peke yake aliyetoka asubuhi, kwenda kusuka nywele saluni kama zamani, na kurudi jioni vidole vimevimba. Honoré alibaki chumbani na watoto, akakoroga uji, akafua nepi, akajiona amekufa ila hajazikwa. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, vita vilikuwa vimewaka upya, hakurudiki. Mkono mtupu haulambwi, alizoea kusema, na alipoutazama mkono wake aliuona mtupu.

Kitu ambacho mguu haukumnyang'anya ni ulimi. Honoré alikuwa mkalimani wa kanisa, na yeyote aliyewahi kusali na Wakongo anajua hicho ni cheo. Pasta Léonard alitoka Kinshasa, alihubiri kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilitosha kununua nyanya tu. Waumini wengi walikuwa watu wa Uvira, Fizi na Bukavu. Kwa hiyo Honoré alisimama bega kwa bega na Pasta, kila sentensi ikitoka huku inaingia kule. Mkalimani wa namna hiyo hasemi "Pasta anasema." Pasta akisema mimi nilikuwa mwizi, mkalimani naye hujipiga kifua na kusema mimi nilikuwa mwizi. Pasta akilia, naye analia. Wahubiri wageni wa Kiingereza walipokuja, Honoré aliwatafsiri vilevile, maana Kiingereza alikiokota njiani, kambi hadi kambi, kutoka Kigoma hadi Lusaka.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa wakalimani hodari. Alikuwa anamtangulia mhubiri. Pasta akianza tu kuvuta pumzi, Honoré amekwisha kujua sentensi inaelekea wapi, anafika yeye kwanza na kumngoja. Watu walipenda sana, wakapiga vigelegele. Pasta alivumilia.

Sasa, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada na chakula, kanisa lile lilionyesha video ukumbini ili watoto wasizurure. Pasta aliweka masharti: pasiwe na bunduki, pasiwe na kubusiana. Ukiondoa bunduki na busu katika filamu, wanabaki wanyama. Cathy, dada mmoja wa usharika aliyefanya usafi katika nyumba ya matajiri Morningside, alikuwa ameletewa bahati: tajiri wake alihamia Australia akamwachia katoni nzima ya kanda. Jumapili ile akachomoa moja yenye picha ya mbwa mweupe kwenye ganda.

"Mbwa mwitu?" Benedicta wa kwaya aling'aka. Benedicta alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa na mdomo usio na kifuniko. "Ndani ya nyumba ya Mungu? Si ndiye anavaaga ngozi ya kondoo?"

Kweli, pale kanisani mbwa mwitu alijulikana kwa kazi moja, unabii wa uongo. Pasta alilitazama ganda, akakuna kidevu.

"Bon," akasema kwa Kifaransa chake. "Ni kazi ya mikono ya Mungu. Weka." Kisha akaenda zake kumtazama mgonjwa.

Deki ya video ikameza kanda. Honoré akasimama kando ya televisheni, kaegemea fimbo yake. Aliletewa kiti akakikataa, maana mkalimani haketi. Laurette alikuwa benchi la mbele kabisa, Cédric mapajani. Aliona jinsi mumewe alivyomtazama mtoto yule kwa muda mrefu kupita kiasi, akajiuliza, kisha akaacha.

Sauti ya Mwingereza asiyeonekana ikaanza, nzito na ya polepole. Kwenye kioo palikuwa na weupe mtupu. Hapakuwa na mti, nyumba wala njia.

"Anasema hii ni nchi ya mwisho wa dunia upande wa kaskazini," Honoré akaanza. "Anasema huku jua linazama mwezi wa kumi, linarudi mwezi wa pili."

"Eish!" ukumbi mzima.

"Anasema mate ukitema yanafika chini yakiwa jiwe." Hilo Mwingereza hakulisema, lakini lilikuwa njiani.

Kisha pakatokea jambo. Yale mafungu ya theluji waliyokuwa wakiyatazama, mafungu kama ya unga uliomwagika, yakaanza kuinuka. Moja likajikung'uta, likawa na masikio. La pili likapiga miayo. Walikuwa mbwa mwitu saba waliolala nje, wamejikunja, kila mmoja amefunika pua kwa mkia wake, na theluji ya usiku kucha imewafunika hadi juu. Wakajinyoosha mbele na nyuma, wakanusana, wakaanza siku. Pale ukumbini walikuwamo waliolala nje katika misitu ya kuanzia Uvira hadi sijui wapi, na walijua ni kitu gani kuamka mzima.

Honoré naye aliguswa, na alipoguswa mdomo wake ulirudi kwenye mazoea. Akaacha "anasema." Akawa mbwa mwitu.

"Mimi nimevaa makoti mawili," akasema, kajipapasa kifua. "La ndani ni la sufu, la nje ni la kuzuia upepo. Masikio yangu Mungu aliyafanya madogo ili baridi isipate pa kushika. Kati ya vidole vyangu mna manyoya. Miguu yangu ni ya baridi muda wote, lakini haigandi, kwa sababu damu inayoshuka inaipasha moto damu inayopanda."

Watu wakacheka kwa raha. Hii ndiyo video yenyewe, si zile za simba aliyelala.

Likaja windo. Mwingereza aliwataja wanyama ambao Honoré hakuwa na jina lao, madume mapana yenye pembe zilizokunjwa na nywele zinazoburuta chini, yeye akawaita mbogo wa barafu, na kila mtu akaridhika. Mbogo wale walipowaona mbwa mwitu hawakukimbia. Walijipanga duara, migongo ndani, pembe nje, ndama katikati. Mbwa mwitu wakazunguka. Wakakaa chini wakangoja. Wakainuka wakazunguka tena. Dume mmoja wa mbogo akatoka na kuwafukuza, wakakwepa, akarudi. Siku ikapita. Wakaondoka na njaa yao.

"Wameshindwa?" Prodige aliuliza kutoka sakafuni walikoketi watoto.

"Wameshindwa," baba yake akajibu. "Anasema mara nyingi wanashindwa. Kesho watajaribu tena."

Watu wa foleni za karatasi za ukimbizi waliguna. Kurudi kesho walikujua vizuri, lakini hawakuwahi kukuona kukifanywa hivyo, bila kulalamika, mkia juu. Mbwa mwitu wale walitembea mwendo ambao mtu angechukua teksi mara tatu. Wakapata sungura mweupe, wakamgawana, hapakubaki hata unyoya. Wakarudi kwa mbogo. Wakashindwa. Wakarudi tena, na safari hiyo duara likavunjika kidogo tu, upenyo wa pumzi moja, na jike mkubwa, mama wa kundi, akapita humo. Ukumbi ulilipuka. Benedicta alisimama juu ya benchi. Yule nabii wa uongo wa mwanzoni sasa alikuwa mtoto wa nyumbani.

"Angalieni mama huyo!" alipiga kelele. "Angalieni bibi ya watu!"

Honoré alijisahau kabisa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuhisi mguu. Aliwapenda wanyama wale, akawapenda kwa moyo wote. Hawakuwa na kitu, si mti, si jua, si majirani, na bado waliishi, tena waliishi wakiwa wazuri.

Kisha kwenye kioo theluji ikayeyuka mahali mahali, jua likawa halizami tena, na kundi likafika kwenye pango la mawe. Mwingereza akaeleza kwamba ardhi ya huko haichimbiki, imeganda tangu zamani za kale, hivyo pango zuri hurithiwa, bibi kwa mjukuu. Mle ndani mama alikuwa amezaa. Watoto wakatoka wakipepesuka, si weupe, rangi ya majivu. Akina mama ukumbini wakaanza kuwaita kwa mikono.

Nyuma ya watoto akatoka dume mmoja aliyekuwa anachechemea. Mbogo alimpiga teke wakati wa baridi, na mguu wake wa nyuma ulining'inia.

Na Benedicta, ambaye hakuwa na ubaya, ila hakuwa na breki pia, akasema, "Papa Prodige! Ndugu yako huyu!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Utani wa kanisani huo, mtu hakasiriki. Honoré alicheka pamoja nao, akainua fimbo kumsalimu ndugu yake. Lakini kicheko kiligeuka kitu kingine. Alimtazama yule kiwete amelala mlangoni, wenzake wanajiandaa kwenda windoni, na mama wa watoto naye yumo safarini. Wakaondoka mmoja mmoja. Kiwete akabaki anawatazama wakipotelea bondeni. Baadaye naye akainuka, akaanza kuchechemea taratibu kwenda upande mwingine, juu ya mlima, akiliacha pango nyuma yake.

Mwingereza alikuwa amenyamaza kidogo, anavuta pumzi. Honoré hakumngoja. Alijua sentensi inaelekea wapi. Alikuwa ameitunga mwenyewe, usiku baada ya usiku, akiwa amelala kando ya mkewe.

"Mimi nimefikiri usiku kucha," akasema, na sauti yake ikashuka, "huu usiku wa kwetu usio na giza. Mimi nilikuwa wa mbele windoni. Sasa mguu umekataa. Nyama ikija, nitakula fungu la nani? La watoto. Basi ninaondoka wakati mama yao hayupo. Siwaagi, maana nikiwaaga sitaondoka. Wasinitafute. Upepo utafuta nyayo zangu, na wao watakula washibe."

Mzee mmoja nyuma alisema amina. Mwingine akasema, "Huyo ni mwanamume." Leso zilitoka mifukoni. Kwenye kioo yule kiwete aliendelea kupanda, peke yake, mdogo mbele ya mlima mkubwa, na hata Benedicta alikuwa anajifuta macho.

Laurette hakujifuta macho. Saluni ilikuwa shule yake. Miaka miwili alisikiliza wateja wakisimulia mambo ya waume zao kwa Kiingereza, na hakuna darasa linalofundisha lugha upesi kuliko hilo. Alikuwa hatua mbili kutoka kwenye televisheni, na chini ya sauti ya mumewe alimsikia Mwingereza akisema jambo jingine kabisa. Akamtazama Honoré. Akaangalia vidole vyake vilivyoing'ang'ania fimbo. Akaelewa kila kitu mara moja.

Shida ya filamu, ambayo mahubiri hayana, ni kwamba ina picha. Ukimtangulia Pasta ukakosea, Pasta anaweza kukufuata kwa huruma. Yule kiwete hakumfuata Honoré. Alifika juu, akasimama, akanusa upepo, akatazama bonde hili, akatazama lile, akahakikisha hakuna hatari. Kisha akageuka. Akashuka hatua kwa hatua kwa ule mguu wake, akajitupa mlangoni mwa pango, na watoto wakamrukia wote kwa pamoja, wakamng'ata masikio, wakamvuta mkia, mmoja akamkalia kichwani.

"Papa!" Prodige alipiga makofi. "Amerudi!"

Honoré alifungua mdomo. Akaufunga. Mwingereza alikuwa anasema, maneno yanapita, hayashikwi na mtu. Katika kanisa lile mkalimani hanyamazi, hata akisongwa na maji. Watu wakaanza kugeuziana shingo.

"Papa Prodige, anasema nini?" Benedicta aliuliza.

Laurette akainuka. Alimweka Cédric mapajani mwa Benedicta, akavuta kile kiti kilichokataliwa, akakisogeza nyuma ya mumewe.

"Sauti yake imekauka," aliwaambia watu. "Tangu asubuhi anasimama na Pasta. Nitamusaidia kidogo."

Honoré akaketi. Laurette akasimama mahali pake, mikono imeshikana mbele. Hakuwa na madoido. Hakujipiga kifua, hakuwa mbwa mwitu. Alingoja kila sentensi iishe, kisha akaitoa kwa Kiswahili cha kwao.

"Anasema alienda juu kuchunga kama kuna hatari. Anasema kila mara anafanya vile." Akangoja. "Anasema mwaka jana, wote balikuwa banawinda. Mama naye alienda, sababu asipokula nyama, maziwa inakauka. Batoto bakabaki peke yao. Balikuwa batano. Kurudi, akakuta babili." Akangoja tena, safari hii zaidi. "Anasema mwaka huu, huyu kiwete ndiye anabaki. Ndiyo sababu mama anaweza kwenda mbali."

Alisema hayo akiitazama televisheni, hakumtazama mumewe hata kidogo. Honoré alikuwa ameinamisha kichwa.

Kundi likarudi. Walionekana kwa mbali, mstari mweupe kwenye mawe ya kijivu, matumbo yamejaa, midomo myekundu. Walichofanya kwanza kilimfanya Honoré ainue macho. Kabla ya kulala, kabla ya kunywa maji, walimwendea kiwete. Wakamlamba mdomo, wakamsugua mabega, mikia inapiga huku na huku, na yeye analia kwa furaha, sauti nyembamba ya mtoto. Kisha mama akainamisha kichwa mbele ya watoto na mbele ya yule dume, akakohoa mara mbili, akatoa nyama aliyoibeba tumboni toka huko mbali.

"Iiih, anatapika!" watoto wakapiga kelele.

"Nyamazeni!" Benedicta akawakaripia. "Mama zenu hawakuwatafunia viazi?" Akamgeukia Cédric mapajani mwake na kumtikisa. "Kumbe mkono mtupu unalambwa! Umeona, bwana mdogo? Unalambwa!"

Filamu ikaendelea hadi theluji iliporudi. Watoto walikuwa wamekua, rangi ya majivu imewatoka, wamekuwa weupe. Jua likagusa upeo, likazama, na halikurudi. Katika ule mwanga wa buluu kundi likatembea mstari mmoja, kila mmoja anakanyaga alama ya aliyetangulia ili kuokoa nguvu, na kiwete alikuwa wa mwisho. Mama aliyekuwa mbele akasimama. Mstari wote ukasimama. Wakamngoja akafika, wakaendelea.

"Anasema hajui kama batafika mwaka ujao," Laurette akamalizia. "Anasema kila mwaka hajui. Na kila mwaka banatembea."

Watu walipiga makofi muda mrefu, kama waliomaliza ibada ya pili.

Njiani kurudi nyumbani Laurette alimfunga Cédric mgongoni. Prodige na wenzake walitangulia wakichechemea kwa makusudi na kubwekeana. Mlima wa Overport ni mkali, na kwa mguu ule Honoré aliupanda kwa vituo. Kwenye kituo cha kwanza mkewe akasema bila kumtazama:

"Safari ni ya lini?"

"Safari gani tena, Mama Prodige?"

"Honoré."

Tangu Prodige azaliwe hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu. Uongo wote aliokuwa ameuandaa ukamwagika.

"Kesho. Ezekieli atanipitia."

"Na mimi nani angeniambia? Kitanda?"

"Ninakula jasho yako, Laurette. Mwanamume mzima. Hata sabuni ninaoga ni yako. Bora niende, batoto bapate fungu yangu."

Laurette alimgeukia. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba alitabasamu, na Honoré akaogopa.

"Wakati ulikuwa unabeba magunia," akasema, "batoto balikuwa banabaki na nani?"

"Na yule mama wa chumba cha chini. Wewe ndiye uliniambia."

"Yule mama alihama. Ulikuwa unatoka kungali giza, unarudi giza, ungejua wapi? Nilikuwa ninafunga mlango na funguo, ninaenda. Kila siku. Ninasuka kichwa ya mutu, ninasikia king'ora ya zimamoto inapita, ninaomba Mungu isiwe kwetu. Siku moja nilirudi, nikakuta Cédric amelala kwa sakafu, vidole vyake ameviingiza chini ya mlango. Prodige amelia mpaka sauti imepotea. Sikukuambia. Ulikuwa unarudi umechoka."

Honoré alivitazama vidole vya Cédric vilivyoshika bega la mama yake.

"Siku mguu yako ilivunjika, nililia kule hospitali, bantu wote baliniona. Lakini siku ulirudi nyumba, kesho yake nilienda kazi, nikatembea polepole. Mara ya kwanza tangu tufike Afrika Kusini. Nilitembea polepole, nikaangalia maua ya bantu. Mungu anisamehe, Honoré, nilifurahi." Akakaza fundo la mbeleko. "Sasa wende. Sikushiki. Lakini batoto nitabaambia umekufa. Siwezi kubaambia ulikuwa muzima ukaondoka."

Akapanda mlima, akamwacha kwenye kituo chake. Jioni ile Honoré alipakua chakula kama kawaida. Walikula, watoto walilala, na Honoré hakutoa jibu kwa sababu hakuulizwa swali.

Alfajiri lori likapiga honi chini, honi fupi ya mtu anayeogopa kuamsha mtaa. Laurette alikuwa anavaa, amempa mgongo. Hakugeuka. Honoré alichukua fimbo, akatoka, akashuka ngazi moja moja. Ezekieli alikuwa amefungua mlango wa upande wa abiria, injini inanguruma.

"Kaka, begi liko wapi? Panda bwana, kumekucha."

"Siendi, Ezekieli."

"Kwa nini tena?"

Alikuwa na majibu mengi tayari, na yote ya heshima. Mguu umevimba. Karatasi hazijatoka. Pasta ameniomba nikae kidogo. Aliyaona yote yamejipanga ulimini, akayaacha.

"Mama Prodige anaenda kazi," akasema. "Mimi ninabaki na batoto."

Ezekieli alicheka, si kwa ubaya. "Mpakiaji mzima wa bandari! Siku hizi umekuwa yaya, kaka?"

"Ndiyo," Honoré akajibu. "Bila mimi yeye hatoki."

Ezekieli akangoja kidogo, akidhani kuna mzaha unaofuata. Haukufuata. Akatikisa kichwa, akavuta mlango, na lori likateremka kuelekea barabara kuu.

Honoré alipogeuka, Laurette alikuwa amesimama kwenye mlango wa jengo. Alikuwa peku. Kilemba kilikuwa mkononi, nywele nusu zimefungwa, Cédric begani na nguo zake za kulalia, na pumzi zinamtoka kwa nguvu kwa kuzishuka mbio ngazi zote. Alilitazama lori hadi likapinda kona. Kisha akamtazama mumewe.

"Uji iko jikoni," akasema. "Usimutilie sukari mingi."

Akampa mtoto, akarudi juu kuvaa viatu.